Ufundi wa Kulipunguza Swali

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaotaka kufanya utafiti Taita Taveta huanza na kichwa kimoja: "Migogoro kati ya binadamu na wanyamapori katika Kaunti ya Taita Taveta." Si kichwa cha uongo. Mbuga mbili za Tsavo, ya Mashariki na ya Magharibi, zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, na sensa ya watu ya 2019 ilipata wakazi 340,671 katika kaunti nzima. Aliyelelewa pembezoni mwa Voi hahitaji kitabu kimweleze maana ya tarakimu hizo, maana amelala usiku mwingi akisikia majirani wakigonga madebe kuwafukuza ndovu.

Lakini kichwa hicho hakiandikiki. Kazi ya kukigeuza kiwe tasnifu ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu ni ufundi unaofanyika mahali ambapo hakuna anayetazama. Siku ya mahafali tunaona joho, kofia na mama anayepiga vigelegele. Hatuoni miezi ambayo sentensi moja ilikuwa ikipunguzwa.

Neno la kwanza kuguswa ni "wanyamapori". Nyani huja mchana, simba huvamia zizi, ndovu huja usiku na kumaliza shamba kabla ya alfajiri. Kila mnyama ana saa yake, hasara yake na dawa yake, na hojaji moja haiwezi kuwabeba wote. Mwanafunzi anachagua ndovu. Linafuata neno "migogoro". Ndani yake mna vifo vya watu, mna mabomba ya maji yanayong'olewa, mna watoto wanaosubiri kupambazuke vizuri ndipo waende shule, mna ndovu wanaouawa kwa kisasi. Anachagua mazao. Kisha "kaunti": Taveta wana mashamba ya kumwagilia, Wundanyi juu milimani ndovu si habari ya kila siku, na Kasigau ina mambo yake. Anachagua Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, ambako mashamba yamekaa kati ya mlima na Tsavo Mashariki. Bado kuna wakati. Sehemu hizo za chini hutegemea vuli zaidi ya masika, basi anachagua msimu wa vuli.

Hadi hapo amepunguza nomino tu. Sehemu ngumu zaidi ni kitenzi. Wengi huandika "kuchunguza" au "kuelewa", vitenzi ambavyo havina mahali pa kuishia. Mtu anaweza kuchunguza hadi azeeke. Msimamizi mzuri hukizungushia kitenzi hicho duara kwa kalamu na kuuliza: utajuaje kwamba umemaliza? Mwanafunzi anafikiri wiki mbili, anarudi na kitenzi "kulinganisha". Hapo jambo lote linabadilika. Ukilinganisha lazima uwe na pande mbili, na Sagalla ina pande mbili zilizo tayari: mashamba yaliyozungushiwa uzio wa mizinga ya nyuki na mashamba yasiyo nao. Kichwa kinatoka hivi: "Ulinganisho wa uharibifu wa mahindi unaofanywa na ndovu katika mashamba yenye uzio wa mizinga ya nyuki na yasiyo na uzio huo, Sagalla, katika msimu mmoja wa vuli."

Ni kirefu na hakivutii jicho. Mimi hukisoma kwa furaha. Ondoa neno lolote na kazi itabadilika. Kila neno limekuwa ahadi ambayo mwandishi atadaiwa.

Kaunti hii inaujua ufundi wa aina hiyo katika kazi nyingine. Tsavorite, garneti ya kijani ambayo Campbell Bridges aliikuta Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wa Kenya, na ikapewa jina linalotokana na Tsavo, hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake ikikatwa. Mkataji huligeuzageuza jiwe kwenye mwanga muda mrefu kabla ya kuligusisha kwenye gurudumu, akitafuta ufa uko wapi na rangi imejikusanya wapi. Anayehurumia uzito hubaki na jiwe kubwa lisilong'aa. Mwanafunzi anayeihurumia mada yake hubaki na kurasa mia tatu zisizojibu lolote.

Baada ya kichwa huja kusoma, na hapa ndipo mipango mingi hulegea. Sura ya mapitio ya maandishi mara nyingi hugeuka orodha: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, na mwingine naye akasema. Anayejua kazi hii hutafuta mnyororo. Kwa swali la nyuki na ndovu mnyororo upo, na ni mzuri kuufuata. Mwaka 2002 Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha makala fupi baada ya kuona kwamba ndovu wa Laikipia waliiepuka miti iliyotundikwa mizinga. Hilo lilizaa swali dogo zaidi: ni mzinga wenyewe unaowatisha, au ni nyuki? Mwaka 2007 Lucy King pamoja na hao wawili waliandika kuhusu jaribio walilofanya kaskazini mwa Kenya. Walificha spika karibu na familia za ndovu zilizopumzika chini ya miti, wakazipigia sauti ya nyuki waliochokozwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kuisha.

Msomaji wa haraka huishia kwenye hiyo 16 kati ya 17. Fundi husoma mstari unaofuata, kwamba familia nyingine zilipigiwa mvumo wa kawaida usio wa nyuki, na chache tu ndizo zilizoondoka. Bila mvumo huo wa pili, mtu yeyote angeweza kusema ndovu walikimbia spika. Mstari huo mmoja ndio uliobeba jaribio zima. Mwanafunzi akiuona, akaelewa kwa nini upo, basi sura yake ya tatu, ile ya mbinu, imeanza kujiandika, kwa kuwa sasa anajua kwamba mashamba yasiyo na uzio, yale ambayo hayana cha kuonyesha, ni nusu ya utafiti wake.

Kutoka hapo mnyororo unafika Sagalla. Mizinga hutundikwa kila baada ya meta kumi kuzunguka shamba, ya kweli ikipishana na ya bandia, yote ikiunganishwa kwa waya; ndovu akisukuma waya mizinga hucheza na nyuki hutoka. Lucy King alimaliza uzamifu wake Oxford na mradi ukaendelea na wakulima wa hapo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliokusanya miaka ya kazi hiyo, ukaeleza kwamba katika misimu ya kilele cha mazao uzio ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Makala hiyo hiyo ikaeleza pia, bila kuficha, jinsi ukame wa 2017 ulivyopunguza nyuki mizingani na asali pamoja nao. Huo ndio uungwana wa kazi hii: aliyeupenda mradi wake kwa miaka mingi ndiye aliyeandika mahali unapoponyoka.

Mwanafunzi wa uzamili hatakiwi kuanzisha mnyororo kama huo. Anatakiwa kuongeza pete moja isiyokatika. Kwa mfano: katika vuli moja, kwenye mashamba kadhaa ya kijiji kimoja, je, mizinga isiyo na nyuki inamfaa mkulima kwa lolote? Swali hilo linamalizika, na likijibiwa vizuri atakayefuata atalikanyaga bila hofu.

Pendekezo hutetewa mbele ya idara, kisha husahihishwa, kisha vibali. Vibali hulalamikiwa sana, nami sishiriki lalama hizo. Kuna idhini ya maadili, kuna leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, yaani NACOSTI, na utafiti unaogusa wanyamapori una mlango mwingine tena, wa Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha. Halafu unajitambulisha kwa maafisa wa kaunti, kwa chifu, kwa mzee wa kijiji. Safari hiyo ya ngazi kwa ngazi humlazimisha mtu aeleze utafiti wake kwa dakika mbili kwa kila aina ya msikilizaji. Ukiweza kumweleza mzee wa kijiji akakuuliza swali la maana, umeiva. Ukishindwa, tatizo haliko kwa mzee.

Kisha shambani. Hapa napenda nitazame kwa karibu, kwa sababu hojaji zilizofungwa nyuma ya tasnifu kama viambatisho hazionyeshi jinsi zilivyoulizwa.

Swali la karatasini linasema: "Ndovu waliingia shambani mwako mara ngapi katika msimu uliopita?" Mkulima atajibu, "Ah, mara nyingi." Ni jibu la kweli, na halina nafasi kwenye jedwali. Mtafiti asiye fundi atasukuma: tano? kumi? Mkulima kwa adabu ya mgeni ataokota namba moja ampe. Anayeijua kazi huiweka kalamu chini.

"Mama, walipokuja mara ya kwanza mahindi yalikuwa yamefika wapi?"

"Hapa." Anaonyesha goti.

"Na mara ya pili?"

"Yalikuwa yashatoa ndevu. Bado nyeupe, hazijakauka."

"Ilikuwa kabla ya Jamhuri au baada?"

"Kabla. Jamhuri tulikuwa tushapanda tena kunde upande ule waliouharibu."

Katika maneno hayo mafupi zimepatikana ziara mbili zenye tarehe zinazokaribiana na ukweli, hatua ya mmea, sehemu ya shamba na uamuzi wa mkulima baada ya hasara. Mahindi yenyewe yamefanywa kalenda. Kisha wanainuka wote wawili wanaenda upande ule ulioharibiwa, mtafiti anatandaza futi kamba, anahesabu mashina yaliyovunjwa ndani ya mraba aliopima, anaandika na yale yaliyosimama. Anaandika yaliyosimama hata kama hakuna anayeyahurumia, kwa sababu bila hayo yaliyovunjwa hayana uwiano.

Kuna swali lingine, kuhusu Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS), ambalo mkulima ndiye huliuliza, na jibu lake ni sehemu ya ufundi pia: "Mwanangu, wewe watoka KWS? Mmeleta fidia?" Hapo mwanafunzi ana sekunde chache za kuwa mwaminifu. Akiguna na kuacha matumaini yaelee, atapata majibu marefu na hasara zilizotiwa chumvi. Akisema wazi kwamba hakuleta fidia, kwamba ni masomo, kwamba anaweza kukataliwa na hapatakuwa na ubaya, huenda akapewa majibu mafupi zaidi. Majibu hayo mafupi ndiyo yanayostahili kuchapwa.

Halafu sampuli. Kwenye orodha ya mashamba yaliyochaguliwa kwa kura daima kuna moja lililo mbali, ng'ambo ya korongo, ambalo bodaboda hailifikii na mwenyewe hupatikana jioni tu. Kishawishi cha kuliruka na kuchukua la jirani ni kikubwa, na hakuna atakayejua. Lakini shamba la mbali ndilo huenda liko njia ya ndovu, na ndiyo maana majirani zake wamehama. Anayelirudia hadi ampate mwenyewe ameilinda kura, na kura ndiyo inayompa haki ya kusema "wakulima wa Sagalla" badala ya "wakulima walio karibu na barabara". Sijui mtahini anayeweza kuligundua hilo kwa kusoma. Nalistahi zaidi kwa sababu hiyo.

Si ndovu tu. Huko juu milimani kuna mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa kaunti hii aujue. Misitu ya Milima ya Taita, Mbololo, Ngangao na Chawia, ni mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa, na ndani yake wamo ndege kama kurumbiza wa Taita asiyepatikana kwingine duniani. Luc Lens na wenzake walitaka kujua msitu uliokatwakatwa unamuumiza ndege kiasi gani hata kabla hajatoweka. Ndege haulizwi hojaji. Wakampima miguu: wa kushoto, kisha wa kulia. Katika kukua kwa shida, pande mbili za mwili hushindwa kulingana, kwa tofauti ndogo mno. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya spishi saba, na katika msitu uliochakaa zaidi tofauti kati ya mguu na mguu ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2002, wakiwa na Mkenya Mwangi Githiru miongoni mwao, walichapisha kazi nyingine kuhusu ndege hao katika jarida la Science. Tofauti isiyofika milimita, ikipimwa na kupimwa tena na mkono usiotetemeka, ilieleza hali ya mlima mzima. Kuchagua kipimo cha namna hiyo ni kipaji, lakini ni kipaji kinachofundishika.

Mlango wa kufundishia uko karibu kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicholelewa na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) tangu 2011, kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2016, na madini ni moja ya nguzo zake. Chuo Kikuu cha Helsinki nacho kina kituo cha utafiti Wundanyi, ambako wanafunzi wake wamefanyia tasnifu za uzamili kuhusu misitu, udongo na maji ya milima hiyo. Nazo lugha za kaunti, Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, bado zina maswali mengi yanayosubiri mtu mwenye kinasa sauti na subira.

Uandishi wenyewe unaanza pale wengi wanapodhani kazi imekwisha. Data imejaa kompyuta, na moyo unataka kusimulia. Sura ya nne, ile ya matokeo, hairuhusu. Inataka jedwali, maelezo ya jedwali, na kimya. Mwanafunzi aliyeishi Sagalla miezi kadhaa anayo mengi ya kusema kuhusu ndovu aliyemwona alfajiri karibu na tangi la maji, na yote lazima yabaki nje. Mara nyingine jedwali linatoka na jibu ambalo hakulitaka: mashamba yenye mizinga mitupu hayakutofautiana na yasiyo na uzio. Nimeona uso wa mwanafunzi anaposoma tokeo kama hilo. Ni uso wa mtu aliyefiwa. Lakini hilo ni jibu kamili. Linamwambia mkulima asipoteze fedha kwenye masanduku yasiyo na nyuki, na linamwambia mtafiti ajaye aanzie wapi. Anayeandika "hakuna tofauti iliyoonekana" kwa sentensi iliyonyooka, bila kuipaka rangi, amefuzu moyoni mwangu kabla ya jopo kukaa.

Kisha nakala huenda na kurudi. Sura moja inaweza kurudi mara nyingi ikiwa na maneno machache pembeni: "Ushahidi?" "Nani?" "Umesema ukurasa wa 12." Msimamizi anayesoma hivyo anatoa saa ambazo hakuna anayemlipa kwa ukamilifu, na mwanafunzi anayezipokea bila kununa anajifunza kusoma maandishi yake kama ya mtu asiyempenda. Marejeleo huhakikiwa moja moja, hadi nukta. Mtahini wa nje husoma, jopo huketi, tasnifu hutetewa, na karibu kila mtu hutoka na orodha ya masahihisho. Siku hizi vyuo vingi vya Kenya humtaka mwanafunzi pia awe na makala iliyochapishwa.

Mwisho kabisa, ukurasa unaosomwa kwanza ndio unaotiwa sahihi mwisho: ikirari. Mwandishi anatamka kwamba kazi ni yake na haijawasilishwa chuo kingine chochote, kisha anaandika jina, nambari ya usajili na tarehe. Nakala nyingine zinanunuliwa siku hizi, na nyingine zinaandikwa na mashine kwa usiku mmoja. Zinaweza kupita kwenye jopo lililochoka. Haziwezi kumwambia mtu mahindi yalikuwa na ndevu za rangi gani.

Nina ombi moja. Masharti ya leseni yanataka NACOSTI ipewe nakala ya ripoti ukimaliza, na chuo huweka nakala yake maktabani. Sagalla haimo katika orodha hiyo. Wewe unayemaliza mwaka huu, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, bila istilahi, wenye lile jedwali moja lililobeba jibu. Upeleke kwa chifu, uombe nafasi katika baraza, uusome mbele ya mama aliyekuonyesha goti lake, na ubaki hapo ujibu maswali.